Usukani Mzito wa Mama Zuhura

Kiwalani, Jumapili alasiri

Jesca mwanangu,

Salamu tumepeana asubuhi na kesho tutapeana nyingine stendi, kwa hiyo hapa naziruka. Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, baba yako yuko zamu bandarini, nyumba imenyamaza. Nimekaa mezani na daftari lako la Kemia ambalo hukulimaliza. Mwandiko wangu unaujua. Ukishindwa kusoma mahali usinipigie simu kuniuliza, soma tena.

Sitakuandikia habari za kula, wala za kufunga mlango, wala za watu wa kuwaepuka huko ugenini. Hayo nimeyasema mpaka nimejichosha mwenyewe. Nataka kukuandikia juu ya neno ulilolisema Alhamisi jikoni ukiwa unakuna nazi.

Ulisema, "Bwana Lameck nitamsubiri, Mama. Kama wewe ulivyomsubiri Kassimu. Kuna siku atakuja kwangu mwenyewe, na hapo ndipo tutaongea."

Nilicheka. Hata nilikupiga begani kidogo, ukaona mama kafurahi. Na kweli nilifurahi. Halafu nikaenda uani kuanua nguo, nikakaa juu ya ndoo na shuka mkononi.

Najua alichokufanyia huyo Lameck mwaka jana ulipokuwa kwenye mazoezi ya kazi Mbeya. Basi limewashinda siku tatu, wewe ukaliponya, yeye akaenda kwa wakubwa kusema ni kazi yake, na wewe akakuandikia kwenye ripoti kwamba hufai kuachiwa gari peke yako. Sasa kampuni ileile imekuajiri, na yeye ndiye msimamizi wako. Unakwenda kukaa naye karakana moja, na unakwenda na kisa cha mama yako kama silaha mfukoni. Sasa kisa hicho kina uongo ndani yake, Jesca. Uongo wenyewe ni wangu.

Unachokijua wewe ndicho kinachojulikana mtaa mzima. Kwamba Kassimu alinifukuza gerejini kwake Temeke kwa kosa lake mwenyewe, nikiwa na mimba yako. Kwamba miaka tisa baadaye gari la nyumbani kwake lilimshinda, akaja mwenyewe mpaka kwangu, nikaliponya mbele ya mafundi wote, nikamfanya ageuze usukani kwa kidole kimoja. Hayo yote ni kweli. Lakini hayakuanzia pale wanapoanzia, na hayakuishia pale wanapoishia.

Nitamkosea haki Kassimu nikisema hakunifundisha. Nilifika kwake nikiwa mtu wa kuwachemshia chai mafundi, nikawa nasogea kidogo kidogo mpaka nikaingia chini ya gari. Yeye ndiye aliyenionyesha kuweka ncha ya bisibisi kwenye pampu na mpini wake sikioni, nisikie inavyolia. Miaka mitatu nilimwita bosi na nilimaanisha. Alikuwa na mikono mizuri, lakini hakuwa na shingo ya kugeuka nyuma na kusema, hapa nimekosea.

Kulikuwa na mteja wake mmoja, Bwana Mohsin, Mhindi wa Upanga mwenye duka la vitambaa, mtu mpole sana, anavua viatu hata akiingia kwenye kile kibanda cha Kassimu chenye grisi mpaka ukutani. Gari lake usukani ulikuwa mzito asubuhi, na akikata kona mpaka mwisho pampu inalia kama mbuzi. Nilifungua kopo la oili ya stelingi, nikakuta oili ina povu. Hilo wewe unalijua tangu ukiwa na miaka kumi: povu maana yake kuna hewa inaingia. Nikafuata ule mpira unaonyonya oili kwenda kwenye pampu, nikakuta klipu imelegea. Upande ule ni mjanja. Oili haidondoki nje hata tone, hewa ndiyo inayoingia ndani, na mtu asiyetulia atasema hakuna kinachovuja.

Nikamwambia, "Bosi, ni klipu tu. Tubadilishe, tutoe hewa, gari liende."

Akasema, "Pampu hiyo. Wewe umeanza lini kusoma pampu?"

Akafunga pampu nyingine, kwa mikono yake, na klipu ileile ya zamani akairudisha. Hakunyanyua hata magurudumu ya mbele ili usukani uzungushwe huku na huku hewa itoke. Alikuwa na haraka, kulikuwa na mtu anamngoja. Wiki haikuisha, Bwana Mohsin akiwa anaingia kwake, usukani ukamgomea na akagonga nguzo ya geti lake mwenyewe, mkewe kakaa pembeni yake.

Aliporudi gerejini hakupiga kelele. Alisema tu, "Kassimu bhai, nani amefanya hii kazi?"

Kassimu akanyoosha mkono. Alininyooshea mie, Jesca, nikiwa nimevaa ovaroli isiyofunga vifungo vya chini kwa sababu yako.

"Huyu hapa," akasema. "Nilimwachia afunge klipu moja tu. Klipu moja! Mwanamke mwenye mimba, akili iko kwingine. Nisamehe, bosi wangu. Leo ndiyo mwisho wake hapa."

Mafundi saba walikuwepo. Wote walijua nani alifunga klipu ile. Mmoja akaanza kupangusa spana ambayo ilikuwa safi. Bwana Mohsin hakunitazama usoni, alitazama mikono yangu, halafu akatazama pembeni kama mtu aliyeona kitu cha aibu. Macho yale ndiyo yaliyoniuma kuliko maneno.

Nami nilikuwa na jibu. Lilikuwa limekamilika, liko mdomoni. Nikalimeza. Nilidhani nikinyamaza huenda Kassimu ataniita kando jioni aniambie rudi kesho, nilikuwa namlinda mteja. Hakuniita. Mkewe ndiye aliyenifuata mpaka barabarani na mfuko wangu na kanga aliyonifunika nayo mabegani. Mkewe ni Mama Zuhura. Unamjua, ndiye aliyekushonea sare yako ya darasa la kwanza. Miezi yote ile ya mimba alikuwa akinipitishia uji wa ulezi saa nne, na akinisimamia mpaka niumalize.

"Usilie njiani, mdogo wangu," aliniambia. "Watu wa huku wakikuona unalia watajua amekuweza."

Sikulia. Nilifanya kitu kibaya zaidi, nilianza kungoja.

Chuki ile niliilea, Jesca. Nilipopata lile kontena la hapa Kiwalani na kuanza kazi yangu, niliamua nitashika stelingi tu, sishiki breki, sishiki injini. Watu walidhani napenda stelingi. Mie nilikuwa nataka ifike siku ambayo gari lenye usukani mzito likiwashinda wote, njia ibaki moja, na njia hiyo ipite mlangoni kwangu. Unakumbuka siku uliyopewa zawadi darasa la pili, ukaniuliza kwa nini nimechelewa, nikakuambia foleni? Hakukuwa na foleni. Nilipitia Temeke kutazama bango jipya la Kassimu kama limeshawekwa. Lilikuwa limewekwa. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikalisoma herufi kwa herufi, na wewe unaitwa jina lako mbele ya wazazi.

Sasa fika hapa kwenye kipande ambacho hujawahi kukisikia.

Mtaa unasema gari lile lililetwa kwangu na Kassimu. Lililetwa na Kassimu mara ya pili. Mara ya kwanza lililetwa na Mama Zuhura, peke yake, mwezi mzima kabla. Lilikuwa gari la kazi zake, analopelekea sare mashuleni. Wewe ulikuwa shule. Nilimwona anaegesha nje, anahangaika na usukani kwa mikono miwili na mabega yote, kama mtu anayekamua shuka la maji.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Nimekuja kimyakimya, Baba Zuhura asijue. Keshabadilisha mkanda, keshabadilisha pampu mara mbili, na bado. Hataki kusema kwamba kashindwa. Mie nikipeleka sare shule mbili tu, mabega yanauma mpaka jioni. Hebu nitazamie."

Nikafungua kifuniko. Juu oili ilikuwa mpya, nyekundu, inapendeza. Nikachovya kidole mpaka chini, nikaisugua kati ya vidole, nikahisi punje. Punje nyeusi, laini, kama unga wa mpira. Nikajua palepale. Kuna siku mtu aliongezea oili ya injini mle ndani, labda fundi mvivu, labda Kassimu mwenyewe akiwa na haraka. Oili isiyo yake huvimbisha mipira, mipira ikaanza kumeguka kwa ndani, na punje zile zikaenda kukaa kwenye kile kichujio kidogo kilicho chini kabisa ya kopo. Unaweza kufunga pampu kumi mpya. Kama kichujio kimeziba pampu haipati oili, na pampu isiyopata oili haisaidii mkono wa mtu. Kassimu alibadilisha kila kitu isipokuwa kopo, kwa sababu kopo lilikuwa zima kwa nje.

Kazi ya chini ya saa moja. Kopo jingine, mpira mmoja, kumwaga oili chafu yote, kutoa hewa. Nilikuwa na kopo linaloingia pale, liko juu ya rafu, nililiona kwa jicho wakati namsikiliza.

Nikawaza: nikilitengeneza leo, jioni Kassimu atageuza usukani, atasema pampu yangu imekaa sawa sasa, na hakuna atakayejua. Nikawaza pia: likiendelea kumshinda, mwisho atakuja mwenyewe. Nikapangusa vidole. Nikamtazama mwanamke aliyenifunika kanga, nikamwambia:

"Dada, reki imekufa, kile chuma kinachosukuma magurudumu. Mwambie abadilishe reki."

"Una hakika?"

"Kabisa."

Akanishukuru. Aliniachia mfuko wa maandazi ambao ulikula wewe.

Huo mwezi, sitakudanganya, ulikuwa mwezi mzuri katika maisha yangu. Watu husema kisasi ni kichungu. Anayesema hivyo hajakionja. Kisasi ni kitamu, kinashuka kama maji ya madafu. Kila siku dereva fulani alikuwa na habari mpya. Kassimu kabadilisha reki, usukani bado. Kassimu kafungua tena pampu, usukani bado. Madereva waliokuwa wakiegesha mbele ya geti lake walianza kumtania: fundi wa magari ya watu, la mkewe limemtia jasho. Wateja wawili wakamhama, mmoja akaja kwangu. Nilikuwa naimba nikipika. Baba yako aliniuliza kama nimepandishwa cheo, na mie sina mtu wa kunipandisha.

Na muda wote huo Mama Zuhura alikuwa anaendesha gari lile. Niliwahi kumwona pale makutano, anakata kona, meno yameumana, magari yanampigia honi. Alikuwa hajaniona. Ningeweza kumpungia mkono asimame. Nilimwangalia mpaka akapita, na nilichowaza ni kwamba jioni atakwenda kumgombeza mumewe.

Habari uliileta wewe. Ulirudi shule, umetupa begi kwenye kochi, ukasema, "Mama, Mama Zuhura kafungwa plasta. Sare ya Paulina wa darasani kwetu haitakuwa tayari."

Ilikuwa siku ya mvua. Kwenye kona ile ya karibu na reli bodaboda ilimkatia njia, akazungusha usukani kwa nguvu zake zote, gurudumu likaingia kwenye shimo, usukani ukarudi kwa kishindo na mkono wake wa kulia umepita katikati yake. Kifundo kikavunjika mahali pawili. Usukani mwepesi ungemruhusu akate kona ile kwa kiganja kimoja.

Hapo ningeweza kwenda. Temeke si mbali. Nilikuwekea chakula, nikakaa, na wazo la kwanza lililonijia, nakuandikia kama lilivyokuja, lilikuwa hili: sasa Kassimu atakuja.

Alikuja siku ya nne. Kisa chako kinaanzia hapo, kwa hiyo hapo nitapita haraka. Aliniachia gari uani, nikamwambia arudi saa tisa. Nikawaita mafundi wa mtaa wote, nikawaambia kuna somo la bure. Nilikuwa nimekwishatengeneza. Kile kichujio nilikiweka juu ya sahani nyeupe ya udongo, ile ya wageni, na matope yake meusi, ili hata aliye nyuma aone. Kassimu alipofika nikamwambia mbele yao:

"Fundi, ugonjwa wako huu hapa kwenye sahani. Umebadilisha gari zima, hukufungua kopo."

Akasema taratibu, "Asante, Edita. Umenisaidia. Niambie basi tumalizane niende."

"Bado. Panda. Washa. Geuza usukani kwa kidole kimoja, wakuone."

"Edita, yaishe."

"Kidole kimoja, bosi. Si ulisema mwanamke mwenye mimba akili iko kwingine? Ile mimba sasa iko darasa la tatu."

Akapanda. Akageuza. Gurudumu likaenda kulia, likaenda kushoto, kama linateleza kwenye siagi. Mafundi wakapiga miluzi. Mmoja wa wale saba wa zamani alikuwepo, naye alipiga miluzi kuliko wote, yule aliyepangusa spana safi. Kassimu alikuwa na machozi yamejaa lakini hayaanguki. Nilitaka yaanguke. Nilisimama pale nikiyangoja, kama ninavyokuambia, nikiyaombea.

Hapo ndipo kisa cha mtaani kinapoishia. Kassimu anaondoka, wateja wanamkimbia, bango linashushwa, anahamishia gereji Mbagala, na mwishowe anakaa nyumbani.

Hawakuambii kwamba Mama Zuhura alikuwa ndani ya gari lile. Walirudi pamoja saa tisa, akatangulia kukaa kiti cha abiria, plasta imelala mapajani, akawepo muda wote. Alikuja na mumewe kwa sababu ndiye aliyemwambia njoo kwa Edita, Edita hana neno. Miluzi ilipopanda akashusha kioo, akaniita kwa mkono wa kushoto, nikainama.

"Mdogo wangu," akasema, "si uliniambia reki?"

Nikamjibu, "Dalili zinafanana, dada. Siku ile sikuona."

Akanitazama kidogo. Akapandisha kioo. Hakuna mwingine aliyesikia.

Mkono wake ulipona vibaya. Haukugeuka tena sawasawa, na mkono usiogeuka haukati kitambaa. Alijaribu mkasi wa kushoto, akaacha. Cherehani yake ilikaa sebuleni miaka miwili imefunikwa shuka, halafu ikaondoka. Sare zako zote za baadaye nilikununulia dukani, ukawa unalalamika kwamba zinabana kwapani, na mie nakufokea kwa ukali usiolingana na lalamiko. Sasa unajua kwa nini.

Miaka kumi na zaidi nimekutana naye sokoni, ananiitikia marahaba, ananiuliza habari zako. Kila mara nilikuwa nakwenda nyumbani na kujiambia kwamba aliyemvunja mkono ni Kassimu, kwa ufundi wake mbovu. Unaona? Kosa ni langu, nimemnyooshea mwingine kidole. Nilimngoja Kassimu miaka tisa, na nilipomaliza kungoja nilikuwa nimejifunza kwake kitu kimoja zaidi ya bisibisi ya sikioni.

Sikuandikii ili umsamehe Lameck. Mie mwenyewe Kassimu sijamsamehe. Hata sasa nikiandika jina lake kalamu inaingia kwenye karatasi, utaona mwenyewe. Mtu akikudhulumu na ukasema huna kinyongo, ama umekwishakufa, ama unamdanganya padri. Ninachojua ni kidogo tu. Jibu langu lilikuwa mdomoni siku ile, mbele ya watu saba na Bwana Mohsin, na lilikuwa jibu dogo: klipu ile hakuifunga mwanamke, umeifunga wewe. Ningelisema ningefukuzwa vilevile, lakini ningerudi nyumbani nimelitema. Nililimeza, likakaa, likakua, na lilipotoka lilikwisha kuwa kubwa kuliko Kassimu, likamkosa yeye nusu na kumpata mwanamke aliyekuwa kasimama karibu.

Kwa hiyo siku ya kwanza kazini huko Mbeya, Lameck akinyoosha mkono kukukaribisha, usitabasamu ukaanza kungoja. Mwambie kazi ya basi lile ilikuwa yako, mwambie wakiwepo wengine, na wewe umesimama wima. Akikuchukia na akuchukie. Ukipata nafasi ya kumwambia mkubwa wake, sema. Lakini usilipeleke gari bovu barabarani, wala usimwache mtu apande gari ambalo wewe unajua lina nini, kwa sababu ya Lameck. Haijalishi ni gari la nani. Hutajua nani atakaa nyuma ya usukani.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini leo baada ya ibada sikuja nyumbani moja kwa moja, na wewe ulidhani niko kwenye kikao cha akina mama. Nilikwenda Temeke. Nilijiambia, huwezi kumwandikia mtoto jambo ambalo mwenye mkono hajalisikia.

Nilimkuta uani anachagua mchele kwenye ungo kwa mkono wa kushoto, majirani wawili wanafua pale bombani. Nikaamkia. Nikakaa kwenye kigoda. Nikasema, "Dada, siku ile ya kwanza ulipokuja na gari, niliujua ugonjwa wake. Nilikudanganya. Nilitaka Kassimu aaibike."

Aliendelea kuchagua mchele. Kisha akasema, bila kuinua macho:

"Unajua mie nimemwambia nini Baba Zuhura miaka yote hii? Nimemwambia yeye ndiye aliyenivunja mkono. Kila nikishindwa kukata kitunguu namwambia. Kila Idi, watoto wakivaa nguo za dukani, namwambia. Anakaa kimya. Mwanamume yule hajanijibu hata mara moja."

Jesca, moyo wangu kwanza ulifurahi. Nikuambie nini? Ulifurahi kwamba Kassimu kalishwa kitu hicho mezani kwake miaka yote. Halafu nikasikia vizuri alichosema, na nikaona mikono yangu iko magotini, na sikujua niiweke wapi.

Akaita, "Baba Zuhura! Njoo usikie."

Kassimu akatoka kwa mkongojo. Sikujua kwamba anatembelea mkongojo. Mkewe akasema, "Rudia, Edita." Nikarudia. Yeye akasema, "Sauti. Hawa wanaofua wasikie." Nikasema kwa sauti, nikasimama kabisa, nikasema yote, kopo, kichujio, reki, na wale wanawake wakaacha kufua. Ni maneno machache, lakini nilikuwa natokwa na jasho kama niliyebeba injini.

Nilipomaliza nikamtazama Kassimu usoni, nikangoja. Nilikuwa nimesema la kwangu. Lake analijua, la klipu. Alifungua mdomo, nikaona linakuja. Akaufunga. Akageuka na mkongojo wake, akarudi ndani.

Nilipiga hatua. Nilitaka kumfuata, mkono wangu ulikwishashika pazia la mlango. Mama Zuhura akanishika kwa ule mkono wake mbovu, na una nguvu bado, usidanganyike.

"Wewe nenda nyumbani," akasema. "Leo sitaki kukuona tena, na sijui kama kesho nitataka. Lakini kafungashe mtoto wako. Huyu wa ndani niachie mie."

Nimeondoka nikisikia ameingia, na mlango umefungwa nyuma yake.

Basi mwanangu, nakunja karatasi hii na kuisukuma ndani kabisa ya sanduku, chini ya ovaroli mpya, uikute ukiwa mbali na usinione uso wangu unaposoma. Ukimaliza unaweza kunikasirikia. Nikasirikie wazi, kwa simu, kwa sauti, siku hiyohiyo. Usiniwekee.

Mama yako,
Edita